Mwongozo kamili wa umeme unaoongoza tanuri la maabara: kulielewa, kulipima na kulitengeneza

Tanuri likiandika 900 kwenye kioo chake, halijaziona hizo nyuzi 900. Lilichokiona ni volteji ndogo mno, kiasi cha milivolti 36, inayotoka kwenye nyaya mbili zilizounganishwa nchani. Kinachobaki ni hesabu, na hesabu hiyo inaamini kila inacholetewa. Ukilishika hili, nusu ya ufundi wa matanuri umeshaupata, kwa sababu hitilafu nyingi ni habari ya uongo iliyopenya mahali fulani kati ya ncha ya moto na waya unaotoa joto.

Nitatumia tanuri la boksi linalopatikana katika maabara nyingi: kilowati 3, umeme wa volti 230, mwisho nyuzi 1100. Ndilo linalochoma unga na chakula cha mifugo hadi kubaki majivu kwa nyuzi 550, linalopima mboji ya udongo, na ndugu yake mkubwa ndiye anayepima dhahabu kwa moto kule Geita na Mwanza. Ukilielewa hili, mengine hayatakushinda.

Kabla ya bisibisi

Chomoa plagi, au zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli, kisha hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo. Kuzima kitufe cha mbele hakutoshi. Katika matanuri mengi kitufe hicho hukata kontrola (kifaa kinachoongoza joto) peke yake huku koili (waya unaotoa joto) zikibaki zimeungwa na laini kupitia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme).

Vaa barakoa inayochuja vumbi laini unapofungua kuta. Sufi ya seramiki iliyokaa kwenye moto mkali kwa miaka hutoa vumbi linalodhuru mapafu, na matanuri ya zamani sana yanaweza kuwa na asbesto kwenye kamba ya mlango. Ukiishuku asbesto, usiikwangue wala kuipuliza. Funga, uwaite wanaohusika na usalama.

Piga picha za nyaya kabla ya kugusa hata moja.

Hatua ya 1: Chora duara

Chukua karatasi na uchore njia nzima. Themokapo, zile nyaya mbili zilizounganishwa nchani, inapima. Kontrola inalinganisha kilichopimwa na joto lengwa. Kontrola inaamuru rilei. Rilei inaruhusu au inazuia umeme kwenda kwenye koili. Koili inapasha chumba, na chumba kinapasha themokapo. Tumerudi tulikoanza.

Pembeni ya duara hilo chora njia ya pili, ya usalama: swichi ya mlango, kidhibiti cha kikomo cha joto chenye themokapo yake, na kontakta, swichi kubwa inayokata umeme wote. Kama tanuri lako halina njia hii ya pili, liandike kwenye orodha ya matengenezo leo. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 2: Ijue themokapo kwa undani

Nitakaa hapa kwa muda mrefu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na maungio yake yakawa na joto tofauti, athari ya umeme hutokea. Themokapo ya aina ya K, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye tanuri letu, hutoa takriban maikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Jedwali lake linasema milivolti 37.326 kwa nyuzi 900, lakini jedwali limeandikwa kana kwamba upande wa baridi uko kwenye nyuzi 0. Skrubu za kontrola yako haziko kwenye barafu. Ziko kwenye boksi la kontrola lenye nyuzi 30 hivi, na nyuzi 30 ni sawa na milivolti 1.203. Kwa hiyo kontrola inapokea 37.326 kutoa 1.203, yaani 36.123. Kipima joto kidogo kilicho karibu na skrubu huiambia kontrola joto la pale, nayo hurudishia kile kilichopungua. Hiyo ndiyo fidia ya upande wa baridi.

Kutokana na hilo inazaliwa kanuni isiyovunjwa: waya kutoka kwenye themokapo hadi kontrola lazima uwe wa aina ile ile ya themokapo. Ukiweka waya wa kawaida wa shaba, upande wa baridi unahamia kwenye kichwa cha themokapo nyuma ya tanuri, mahali penye moto. Niliwahi kuitwa kwenye maabara ambayo majivu yao yalikuwa yakitoka pungufu kwa miezi, wakawa wanaulaumu unga. Nikakuta fundi aliyepita amebadilisha waya ulioungua kwa waya wa taa. Kichwa cha themokapo kilikuwa na nyuzi 80, skrubu za kontrola nyuzi 30. Kontrola ilikuwa ikisoma pungufu kwa karibu nyuzi 50, nayo kwa utiifu wake wote ikaongeza moto kufidia. Kioo kiliandika 550, chumba kilikuwa karibu 600. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu namba ilitulia vizuri kabisa.

Sasa rangi. Kwa mfumo wa kimataifa wa IEC, aina ya K ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Kwa mfumo wa Marekani ni njano kwa chanya na nyekundu kwa hasi. Ndiyo, nyekundu ndiyo hasi, na wengi huunganisha kinyume kwa kuzoea betri. Matanuri ya zamani ya Uingereza yana kahawia kwa chanya na buluu kwa hasi, rangi zilezile za laini na nyutro za umeme mkubwa. Ukikutana na nyaya hizo ndani ya tanuri kuukuu, zifuate kwa macho hadi mwisho kabla ya kuamua ni zipi. Kosa hapa linaweza kukuua, au likaua kontrola.

Kama rangi zimeungua zote, tumia sumaku. Waya hasi wa aina ya K hunaswa na sumaku ukiwa baridi, chanya haunaswi. Sumaku ndogo ya mlango wa kabati inatosha.

Vipimo vyenyewe ni vitatu, na havihitaji kifaa cha bei.

Kwanza, toa themokapo kwenye kontrola, kisha unganisha skrubu zake mbili kwa kipande kifupi cha waya wa shaba. Washa kontrola huku koili zimetenganishwa. Kioo kionyeshe joto la boksi, 28 au 32. Kikionyesha hivyo, sehemu ya kontrola inayopokea volteji na fidia yake ni vizima.

Pili, ondoa kipande hicho uache skrubu wazi. Kontrola nzuri inaonyesha alama ya kosa na kuzima joto. Isipofanya hivyo, themokapo ikikatika siku moja tanuri litawaka bila breki.

Tatu, iletee volteji unayoijua. Chukua betri ya volti 1.5, kinza (resista) cha omu 10,000 na kinza cha omu 100, uviunge kwa mfuatano, kisha chukua volteji kwenye miguu ya kile cha omu 100. Betri ikipimwa 1.50 kamili utapata milivolti 14.85. Boksi likiwa nyuzi 28, kontrola itaongeza 1.122, jumla 15.97, na kioo kitaandika takriban 390. Ukipata namba iliyo mbali na hapo, angalia mpangilio kabla ya kulaumu kifaa.

Mpangilio, ndiyo. Kontrola nyingi hupokea aina nyingi za themokapo, na aina huchaguliwa ndani ya menyu. Aina ya S, yenye platini, hutoa milivolti 9.587 tu kwa nyuzi 1000. Ukiwa nayo hiyo na kontrola imewekwa K, chumba chenye nyuzi 1000 kitasomwa karibu 250. Kontrola itaendelea kumimina moto ikidhani tanuri ndiyo kwanza linaanza kupata joto. Kila unapobadilisha kontrola au kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, hili ndilo la kwanza kulitazama.

Hatua ya 3: Elewa kontrola inavyoamua

Mpishi wa wali hangoji maji yakauke ndipo apunguze moto. Anaona yanavyokwenda, anapunguza mapema, anapalia makaa juu, na anaacha joto lililobaki limalizie kazi. Kontrola ya PID inafanya mambo matatu yanayofanana na hayo. Sehemu ya kwanza, P, inatazama umbali uliobaki hadi lengo na kutoa moto kwa uwiano wa umbali huo. Sehemu ya pili, I, inajumlisha upungufu unaodumu. Tanuri likitulia kwenye 895 badala ya 900, hii ndiyo inayosukuma polepole mpaka pengo lizibike. Sehemu ya tatu, D, inatazama kasi ya kupanda na kukaza breki mapema.

Jibu la hesabu hiyo ni asilimia. Tuseme 35. Koili haiwezi kuwaka robo tatu au nusu. Ama imewaka, ama imezimwa. Kwa hiyo kontrola inagawa muda. Kwa mzunguko wa sekunde 2, inawasha kwa sekunde 0.7 na kuzima kwa 1.3. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kila nusu wimbi ni milisekunde 10, hivyo kati ya nusu mawimbi 200 tanuri linapewa 70. Kuta ni nzito, hazihisi huku kuwashwa na kuzimwa, zinapokea wastani.

Tanuri linalotumia kontakta ya mitambo badala ya rilei ya elektroniki lipe mzunguko wa sekunde 20 au zaidi, la sivyo kontakta itakufa kwa kugongagonga.

Namba za P, I na D usizibuni. Kontrola karibu zote za leo zina kitufe cha kujirekebisha zenyewe: huwasha na kuzima moto kwa makusudi, hutazama joto linavyopanda na kushuka, kisha hukokotoa. Fanya hivyo kwenye joto unalolitumia kila siku, ukiwa umeweka vyungu unavyoviweka kila siku. Kurekebisha kwenye nyuzi 200 kisha kufanya kazi kwenye 1000 hakufai, maana kwenye 1000 joto huvuja kwa kasi nyingine kabisa.

Hatua ya 4: Rilei, kiungo kinachokufa vibaya

Rilei ya elektroniki, ile mafundi wanayoiita SSR, ni kipande cheusi chenye skrubu nne kilichofungwa kwenye bati la alumini lenye mapezi. Skrubu mbili ndogo hupokea amri ya volti 3 hadi 32 za DC kutoka kontrola. Ndani, amri hiyo huwasha taa ndogo, na mwanga wa taa ndio unaofungua njia ya umeme mkubwa upande wa pili. Pande mbili zinaonana kwa mwanga tu, hazigusani. Aina nyingi husubiri wimbi la umeme lipite sifuri ndipo zifungue, na hilo hupunguza kelele za umeme kwenye mizani na vifaa vingine vya maabara.

Ina kasoro mbili. Ya kwanza ni joto. Kila ampea inayopita huacha zaidi ya wati moja ndani ya rilei. Tanuri letu la ampea 13 linaiachia wati 15 hivi, na boksi lisilopitisha hewa litaipika. Weka rilei ya ampea 40 kwa kazi ya 13, paka grisi ya kupitisha joto kati yake na bati, na hakikisha mapezi yamesimama wima ili hewa ipande.

Ya pili ndiyo kubwa: ikifa, mara nyingi hufa ikiwa inapitisha umeme. Inabaki imewasha. Kontrola inasema zima, taa ndogo inazimika, na koili bado inameremeta. Ndiyo sababu nilisema njia ya pili ya usalama si anasa.

Kuipima, usitegemee multimita peke yake. Tenganisha koili, weka mahali pake balbu ya waya ya wati 60, funga boksi, washa, weka joto lengwa juu ya joto la chumba. Balbu iwake. Shusha lengo hadi sifuri. Balbu izime kabisa. Ikiendelea kuwaka, tupa rilei. Balbu ya LED haifai kwa kipimo hiki, kwa sababu rilei huvujisha mkondo mdogo hata ikiwa imezimwa, na LED itawaka kwa huo tu. Mkondo huohuo ndio unaokukatazia kugusa koili wakati rilei imezimwa lakini plagi imo ukutani.

Hatua ya 5: Koili na umeme unaoifikia

Hapa hesabu ni fupi. Volti 230 mara 230, gawanya kwa wati 3000, unapata omu 17.6. Pima koili ikiwa imetenganishwa na ikiwa baridi. Karibu na hapo, ni nzima. Nyaya za chuma, kromu na alumini za aina ya Kanthal hubadilika kidogo sana ukinzani zikiwaka. Multimita ikionyesha wazi, imekatika. Koili za silikoni kabidi ni habari tofauti: ukinzani wake hupanda kadiri zinavyozeeka, hivyo tanuri hudhoofika mwaka hadi mwaka bila kukatika popote.

Kama koili ni nzima na bado tanuri haliwezi kufika 1100, pima volti kwenye soketi wakati tanuri limewaka. Nguvu hushuka kwa mraba wa volteji. Kwenye volti 200, tanuri lako la wati 3000 linabaki na wati 2270. Kontrola itaonyesha asilimia 100, na kwa kweli inatoa yote iliyo nayo. Nimeona watu wakihangaika na namba za PID wiki nzima wakati tatizo liko kwenye nguzo ya barabarani, au kwenye waya mwembamba wa kurefusha uliopita chini ya mlango.

Breka ya kuvuja, ile inayokata umeme ukivuja, ikiruka tanuri likiwa limekaa bila kazi msimu wa mvua, shuku unyevu kwenye kuta na matofali. Likaushe kutwa nzima kwa hita ya feni kabla ya kuliwasha tena. Usiiruke breka hiyo kwa waya; ipo kwa ajili ya mkono wako.

Hatua ya 6: Jaribu njia ya usalama kwa vitendo

Kidhibiti cha kikomo kiwe na themokapo yake mwenyewe, sio kuazima ile ya kontrola. Sababu ni hii: themokapo ya kontrola ikichomoka ukutani, itasoma hewa ya nje, kontrola itaongeza moto bila kikomo, na kikomo kinachosikiliza themokapo hiyohiyo kitadanganywa pamoja nayo. Vivyo hivyo nyaya zikigusana nyuma ya tanuri: kontrola husoma joto la pale zilipogusana, wala haionyeshi kosa. Nyaya zikigeuzwa, namba hushuka kadiri moto unavyopanda.

Jaribio: weka kikomo kwenye 200, weka joto lengwa 300, washa na ukae hapo. Likifika 200, kontakta inatakiwa ikate kwa mlio unaosikika, na isirudi yenyewe joto likishuka. Lazima mtu aje abonyeze kitufe. Kisha fungua mlango tanuri likiwa limewaka. Umeme wa koili ukatike papo hapo, maana koleo la chuma linaloingia mle linaweza kugusa koili. Rudisha kikomo nyuzi 20 hadi 30 juu ya joto la kazi. Rudia jaribio hili kila mwezi.

Na kama kontrola ina tahadhari ya duara kukatika, ile inayopiga kelele pale moto unapotolewa wote bila joto kupanda, iwashe. Wengi huiacha imezimwa tangu kiwandani.

Hatua ya 7: Thibitisha kwamba 1000 ni 1000

Kila kitu kikiwa kizima bado themokapo huzeeka. Aina ya K inayofanya kazi karibu na 1000 kila siku huanza kupotoka, na hakuna taa itakayowaka kukuambia. Aina ya N huvumilia zaidi. Juu ya 1200 nenda kwenye S.

Njia nzuri ni themokapo ya rejea yenye cheti. Mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, yana maabara za vipimo unazoweza kuziuliza kuhusu cheti hicho. Ipenyeze hadi ncha yake iwe pale vyungu vinapokaa, sio pale themokapo ya ukutani ilipo, kwa sababu kati ya sehemu hizo mbili tofauti ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida. Subiri nusu saa baada ya namba kutulia ndipo uandike.

Kwa maabara za dhahabu kuna njia iliyo mkononi. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1064.18, na kiwango hicho ni mojawapo ya nguzo za kipimo cha joto cha kimataifa cha mwaka 1990. Weka kipande kidogo cha waya wa dhahabu safi kwenye kigae cha seramiki katikati ya chumba, pandisha haraka hadi 1040 ya kioo, kisha nyuzi 1 kwa dakika, ukichungulia kwa miwani ya tanuri kupitia tundu la kutazamia. Waya ukigeuka tone, soma kioo. Fedha inavutia kwa bei yake, lakini ikiyeyuka kwenye hewa hunyonya oksijeni na kuyeyuka chini ya kiwango chake cha 961.78, hivyo itakupotosha kwa nyuzi kadhaa.

Tofauti uliyoipata iandike kwenye daftari la tanuri pamoja na tarehe na joto ulilopimia, kisha iingize kwenye kontrola katika sehemu ya masahihisho. Ikizidi nyuzi 10, usisahihishe: badilisha themokapo, kisha rudi hatua ya 2 ukiwa na sumaku yako.